Mti wa Nakiete Unakohoa

Sogeeni, sogeeni. Mwenye baridi akae katikati. Mwenye usingizi amwegemee mwenzake.

Chini ya milima ya Upare kuna kijiji kinaitwa Mkomboni. Ukivuka daraja la mbao, ukapanda kilima kidogo, unafika kwenye bustani ya miti.

Si bustani ya mchicha, hapana. Si bustani ya nyanya. Ni ya miti tu! Kuna mirefu, kuna mifupi, kuna minene kama pipa.

Wazee wa Mkomboni ndio walioipanda, zamani hizo, kila mzee mti wake. Na sasa kila mti una mtoto wa kuusemea.

Mti hauna mdomo, si ndiyo? Basi wageni wakija kutembezwa, mtoto ndiye anayesema. Anataja jina la mti, anataja kazi yake, na anamtaja aliyeupanda.

Lakini kwanza, hodi! Mkomboni hakuna anayegusa mti bila kubisha hodi. Ni adabu mbaya.

*Ko, ko, ko!*
*Hodi, mti, hodi!*

Halafu unangoja. Upepo ukipita, mti unaitika.

*Shwaaa. Shwaaa.*

Maana yake, karibu.

Nakiete alikuwa na miaka sita, na pengo mbele ya mdomo. Mti wake ulikuwa mkingu. Uliupita urefu mlingoti wa bendera ya shule.

Mkingu ule aliupanda Babu. Na hodi, Babu ndiye aliyemfundisha.

"Mchumba wangu," Babu alikuwa akimwita. "Ukibisha hodi, ngoja. Mti hauna haraka."

Wakangoja, wawili, mkono kwa mkono. Mti ukaitika. *Shwaaa.*

Kisha kiangazi kikaja, na Babu akaanza kukohoa. Akakohoa, akakohoa. Hawakwenda tena bustanini, kiangazi kizima.

Mvua ziliporudi, Babu hakuwapo.

Bibi akaikunja skafu ya Babu, ile ya kijani ya sufu. Akaiweka sandukuni.

Na kicheko cha Bibi je? Kile cha mabega kutikisika, cha kufuta machozi kwa ncha ya kanga? Nacho kikakunjwa. Nacho kikawekwa sandukuni.

Bibi hakupanda tena kile kilima.

Mwaka ukazunguka. Ikafika wiki ya wageni. Nakiete alikuwa nyumbani wiki ya pili sasa, ana mafua. *Chyaa! Chyaa!*

Bibi alikuwa akichambua maharage.

"Bibi," Nakiete akasema, "Jumamosi nitausemea mti wa Babu mbele ya wageni. Utakuja?"

"Miguu inaniuma, mke mwenzangu." Hivyo ndivyo Bibi alivyomtania.

"Nitakushika mkono."

"Kilima kile kirefu."

"Tutapumzika njiani. Nitakubebea fimbo."

"Ukinibebea fimbo, mimi nitatembelea nini?"

Bibi akachambua harage moja. Akachambua jingine.

"Mti wa Babu yako," akasema polepole, "bado unaitika?"

"Unaitika, Bibi! *Shwaaa!* Hivyo!"

Bibi akatazama dirishani. "Basi nitakuja. Nitakuja nikausikie."

Nakiete akaruka! Mafua yakapona siku ileile. Karibu yapone. *Chyaa!*

Kesho yake akakimbia bustanini. Akavuka daraja, *du-du-du-du*. Akapanda kilima. Akasimama.

Mkingu ulikuwa mtupu! Majani yote yalikuwa chini. Juu yalibaki matawi tu, na vitu vimening'inia, vikavu, kama matambara ya rangi ya majani makavu.

Nakiete akasogea taratibu.

*Ko, ko, ko!*
*Hodi, mti, hodi!*

Akangoja. Upepo ukaja kutoka mlimani. Ukapita kwenye mwarobaini wa jirani. *Shwaaa.*

Ukapita kwenye mkingu.

*Kara-kara! Kara-kara! Kara-kara!*

"Heee!" Ni Togolai huyo, msemaji wa mwarobaini. "Nakiete! Mti wako unakohoa!"

"Haukohoi!"

"Sikiliza basi. *Kara-kara!* Umeuambukiza mafua yako. Umepiga chafya mpaka majani yameisha!"

"We Togolai, nyamaza!"

"Mti mgonjwa hauonyeshwi wageni," Togolai akasema. "Mti mgonjwa unakatwa. Unapelekwa jikoni, unapikiwa makande."

Alikuwa anatania tu. Lakini Nakiete hakucheka.

Babu naye alianza kwa kukohoa.

Dada Namsifu alikuwa akipita na toroli. Dada Namsifu ndiye aliyetembeza wageni. Miti yote aliijua kwa majina, na watoto wote kwa mama zao.

"Nakiete, mti wako hajambo?" akauliza kwa utani.

Nakiete akautazama mti. Je, akisema ukweli, mti ukakatwa?

"Hajambo," akajibu kwa sauti ndogo.

Toroli likaenda zake. *Ngwi, ngwi, ngwi.*

Nakiete akapiga magoti. Akakusanya majani yaliyoanguka. Akayarundika kuzunguka shina, yakawa kama blanketi.

"Pole, mti," akanong'ona. "Usife. Bibi anakuja."

*Kara-kara,* ukasema mti.

Usiku ule Nakiete alilala akifikiri. Babu alipokohoa, Bibi alimfanyia nini? Alimfunika. Alimfunga skafu shingoni. Alimpa maji ya uvuguvugu, yalainishe kifua.

Jumamosi asubuhi palikuwa na baridi. Bibi alikuwa nje, anawasha moto.

Nakiete akafungua sanduku polepole. *Kriii.* Akatoa skafu ya kijani. Ilinukia tumbaku na sabuni. Ilinukia Babu.

Akajaza maji ya moto kidogo kwenye chupa ya chai. Mbio hadi bustanini!

Lakini mti una shingo wapi? Nakiete akafikiri. Akaamua ni pale alipoweza kufika. Akaizungusha skafu kwenye shina. Akaivuta, akaivuta. Ncha zikakutana kwa shida. Akafunga fundo.

"Sasa kunywa maji," akasema.

*Nge! Nge! Nge!* Kengele ikalia. Wageni hao! Nakiete akaiacha chupa kwenye blanketi la majani.

Walikuja watoto wa shule ya ng'ambo ya mto, mikono juu ya mabega kama gari moshi. Walikuja akina mama na watoto mgongoni. Na nyuma kabisa, polepole, kwa fimbo, alikuja Bibi. Alikuwa amevaa kanga yake ya sikukuu.

"Karibuni!" Dada Namsifu akasema. "Hapa hatupiti kimya kimya. Hapa tunafanyaje?"

*Ko, ko, ko!*
*Hodi, mti, hodi!*

Wakaanza na mwarobaini. *Shwaaa,* ukaitika.

Togolai akapanua kifua. "Huu ni mwarobaini! Tafuneni jani."

Wakatafuna. Jamani, uchungu! Nyuso zikakunjamana zote, mpaka uso wa mwalimu.

"Ndiyo kazi yake hiyo," Togolai akasema. "Kuwakunja watu uso."

"Na dawa je?" Dada Namsifu akauliza.

"Na dawa pia. Nilikuwa nakuja huko."

Wakaenda kwenye mkaratusi. Wakafikicha majani, wakanusa. "Mmmh!" Wakaenda kwenye mfenesi. Wakayatazama mafenesi, nayo yakawatazama.

Moyo wa Nakiete ulipiga. *Du, du, du.* Mti wa mwisho ulikuwa wake.

Wakafika.

"Mbona huu umekauka?" mtoto mmoja akauliza.

"Mbona umevaa skafu?" akauliza mwingine.

Bibi alikuja nyuma yao. Akainua macho. Akaiona skafu ya kijani. Akasimama palepale, fimbo mkononi.

Togolai akaziba mdomo asicheke. Na Nakiete je? Angedanganya? Angekimbia? Akamtazama Bibi, akasema kweli.

"Huu ni mkingu. Ulipandwa na babu yangu. Haujisikii vizuri. Unakohoa. Tafadhalini, bisheni hodi polepole."

Hakuna aliyecheka. Wakabisha polepole, kama mtu anayebisha kwa mgonjwa.

*Ko… ko… ko…*
*Hodi, mti, hodi.*

Wakangoja. Mti hauna haraka.

Kisha upepo ukashuka kutoka mlimani.

*Kara-kara! Kara-kara! Kara-kara!*

"Pole, mti," akasema mtoto mdogo kabisa.

"Pole, mti," wakasema wote. "Pole sana."

Nakiete akafumba macho. Machozi yakamlenga.

*Tap!*

Kitu kikamgonga kichwani. Kikateleza puani. Kikamwangukia mikononi.

Kilikuwa ganda. Jembamba, refu kama rula ya shule, kavu, jepesi. Nakiete akalitikisa kidogo.

*Kara-kara!*

Akaruka. "Dada! Dada Namsifu! Kikohozi kimeniangukia mkononi!"

"Kifungue tukione," akasema Dada Namsifu.

Watu wote wakainama. Nakiete akaingiza kucha. *Kwap!* Ganda likafunguka.

Ndani mlikuwa na mbegu. Za kahawia, bapa, zinang'aa. Zimelala mstari mmoja kama watoto kwenye mkeka.

Nakiete akatazama ganda. Akatazama juu. Mti wote ulijaa maganda, matawi yote, mpaka kileleni!

"Si kikohozi," akasema. "Ni mbegu! Mbegu zinacheza ndani!"

"Zimekauka, zimekuwa tayari," Dada Namsifu akasema. "Na mkingu hauumwi, mdogo wangu. Kiangazi maji ni haba. Kwa hiyo unavua majani, usije ukapatwa na kiu. Mvua ikirudi unavaa mapya."

"Haufi?"

"Haufi. Umevua nguo tu."

"Na haukatwi?"

"Nani akate? Nitamfukuza kwa toroli!"

Ndipo wakasikia sauti nyingine. Ilitoka nyuma. Ilikuwa kavu, ndogo, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi.

*Ka… ka… ka…*

Wakageuka. Mabega ya Bibi yalikuwa yakitikisika. Ncha ya kanga ilikuwa machoni.

"Bibi, unalia?" Nakiete akamkimbilia.

"Nalia wapi?" akasema Bibi. *"Ka-ka-ka-ka!* Kumbe mzee yule alisema kweli!"

Bibi alikuwa anacheka! Kicheko kilekile cha zamani, kimetoka sandukuni.

"Alisema nini, Bibi?"

Bibi akajiegemeza kwenye fimbo. "Wenzake walipanda miti ya mbao. Walipanda ya matunda. Babu yako akaja na mbegu mfukoni, akapanda huu. Mti ulipokua, nikamgombeza. Nikamwambia, mti gani huu, kelele mchana kutwa! Unajua alinijibu nini?"

"Nini?"

Bibi akanenepesha sauti, ikawa ya Babu kabisa. "'Mama Eliamini, hebu sikiliza vizuri. Huyo si ni wewe, unavyocheka? Ukienda kwenu kusalimia ndugu, mimi nitakuja kukaa hapa.'"

Upepo ukapita.

*Kara-kara! Kara-kara!* ukasema mkingu.

*Ka-ka-ka! Ka-ka-ka!* akasema Bibi.

Ah! Ilikuwa sauti ileile!

Nakiete akacheka, pengo nje. Wageni wakacheka. Watoto wa mgongoni wakaamka, wakacheka nao, bila kujua sababu.

"Nakiete," Togolai akamvuta nguo. "Tubadilishane miti."

"Thubutu!"

"Kwa wiki moja tu."

"Wako unakunja watu uso. Kaa nao!"

Dada Namsifu akaiona chupa ya chai katikati ya majani. "Na hii chai ni ya nani?"

Nakiete akaona haya. "Si chai. Ni maji ya uvuguvugu. Ya kifua cha mti."

"Ala! Umejuaje?" Dada Namsifu akainyanyua chupa. "Mbegu za mkingu zina ngozi ngumu. Ukizipanda hivihivi, hazisikii. Zinataka maji ya uvuguvugu, zilale humo mpaka asubuhi. Zikishavimba, ndiyo unazipanda."

Kila mgeni akaokota ganda. Wakafungua. *Kwap! Kwap! Kwap!* Kila aliyekuja na chupa yake akamiminiwa maji kidogo, akatia mbegu zake humo. Hakuna aliyerudi mikono mitupu.

"Na hili blanketi la majani nani ameweka?" Dada Namsifu akauliza.

"Mimi. Niliona baridi kwa niaba yake."

"Basi liache. Linautunzia udongo unyevu."

Bibi akausogelea mti. Kwanza akabisha, *ko, ko, ko*, kama mke anayerudi kwake. Akangoja. Ukaitika. Ndipo akafungua fundo la skafu.

Akainusa. Akaizungusha shingoni mwa Nakiete, mara moja, mara mbili.

"Mti hauna baridi," akasema. "Mwenye mafua ni wewe, mke mwenzangu."

*Chyaa!* akajibu Nakiete.

Wakashuka kilima, mkono kwa mkono. Walipumzika njiani, lakini si kwa ajili ya miguu. Bibi alikuwa na mengi ya kusimulia.

"Hapa ndipo Babu yako alipoteleza na ndoo."

"Akaanguka?"

"Akaanguka! Akaniambia alikuwa anapumzika tu."

*Ka-ka-ka-ka!*

Jioni wakala makande. Nakiete akanawa miguu, akapanda kitandani na skafu yake.

Bibi akaleta kikombe cha bati chenye maji ya uvuguvugu. Nakiete akazitia mbegu moja moja. *Tone. Tone. Tone.* Zikazama, zikatulia.

Nakiete akagonga kikombe kwa kidole.

*Ko, ko, ko!*
*Hodi, mbegu, hodi!*

Akatega sikio. Kimya.

"Bibi, hazijaitika."

"Umebisha, sasa ngoja," Bibi akasema. Akamfunika vizuri mpaka kidevuni. "Mbegu nayo haina haraka."

Upepo ukashuka kutoka mlimani. Ukapita kwenye daraja la mbao, ukapita kwenye bustani yote. Mbali, juu ya kilima, mkingu ukacheka taratibu.

*Kara-kara. Kara-kara.*

Na chumba cha pili, gizani, peke yake, Bibi akaujibu.

*Ka-ka-ka.*

Nakiete alisikia vyote viwili. Akatabasamu. Akalala.

Hadithi nayo imevua viatu, imepanda kitandani. Sogea kidogo, iache ilale na wewe.